Kwa nini gari ya Fuoni haifiki Fuoni usiku

"Assalaamu alaykum. Naishi Fuoni Kibondeni hapa Unguja, ndani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka lami. Tulikuwa tukipanga Jang'ombe, watu watano chumba kimoja, tukaona bora tununue kiwanja huku tujenge pole pole. Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Shangani. Asubuhi gari inakaa kituoni mpaka ijae, na nikishuka stendi natembea tena. Zamu ya jioni ndiyo balaa. Natoka saa tatu na nusu usiku, na mara nyingi tukifika Mwanakwerekwe utingo anatangaza mwisho wa safari. Tunateremshwa, naingia kwenye bodaboda ambayo peke yake inanila zaidi ya nauli zote za siku. Binti yangu naye huachwa kituoni na sare zake za skuli kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Nasikia yatakuja mabasi makubwa. Kwa nini wasiongeze tu gari za Fuoni yakaisha? Au watu wa mjini hawana habari na sisi tuliohamia huku? Mume wangu anataka tununue Vespa. Mimi nafikiria turudi kupanga mjini. Nishauri."

Waalaykumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ukiweka kando hasira, ambayo ni haki yako, umeuliza mambo manne tofauti: kwa nini gari inakatisha njia, kwa nini haziongezwi, kama mji umewasahau, na nyinyi nyumbani mfanye nini. Nitayajibu, ila mengine yatachukua nafasi zaidi ya mengine.

Nianze na utingo wa Mwanakwerekwe. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara. Amepewa gari na mwenyewe kwa makubaliano ya hesabu: kila siku apeleke kiasi fulani, mafuta juu yake, na kinachobaki ndicho chake na cha utingo wake. Kwa hiyo kazi anayolipwa si kukufikisha Kibondeni. Kazi anayolipwa ni kuuza viti. Saa tatu na nusu usiku gari imetoka mjini imejaa, pale Mwanakwerekwe wameshuka wengi, mmebaki wanne au watano. Mbele yake kuna kipande kizima cha kwenda, na baada ya hapo arudi na gari tupu, kwa kuwa saa hizo hakuna anayetoka Fuoni kwenda mjini. Nauli zenu nyinyi wanne hazirudishi hata petroli. Akiwateremsha akageuza, atapata kichwa kingine cha abiria mjini kabla hajalala.

Simtetei. Mmelipa nauli ya Fuoni na mna haki ya kufikishwa Fuoni, na kukatisha njia ni kosa. Lakini nimesimama sana kwenye vituo na daftari mkononi, na nimekaa barazani na madereva hawa hawa wakinifanyia hesabu ya siku mbele ya macho yangu. Sijaona bado ukaguzi wa barabarani ukimfanya mtu aendelee kwa muda mrefu na safari inayomtia hasara. Askari akiwepo, gari itafika. Akiondoka, mwisho Mwanakwerekwe.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini kuongeza gari hakutakusaidia kama unavyotarajia. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi, namba za kuelewea tu. Tuseme mchana, saa ambazo watu ni wachache, abiria sitini kwa saa wanafika kituoni kwenda njia yenu, na gari inaondoka ikipata watu kumi na tano. Itajaa gari moja kila robo saa. Sasa iwe kituoni zimepanga foleni gari sita au gari kumi na mbili, bado ni gari moja kila robo saa, kwa sababu kinachoitoa gari kituoni ni abiria kujaa, si gari kuwepo. Wewe hujapunguziwa hata dakika moja. Kilichobadilika ni kwamba kila dereva amebaki na nusu ya safari zake za mwanzo, na hesabu ya mwenye gari iko pale pale. Dereva wa namna hiyo atakatisha njia mapema zaidi, atakimbizana na mwenzake zaidi, na usiku ataacha kazi saa moja kabla.

Asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu ni jambo jingine. Hapo watu ni wengi kuliko viti, na gari ikiongezeka kweli inapunguza watu walioachwa vituoni. Kwa hiyo wanaodai gari ziongezwe hawajakosea kwa saa hizo. Wamekosea wanapodhani dawa ya asubuhi ndiyo dawa ya usiku.

Binti yako ameingia kwenye hesabu ile ile. Kiti ni kimoja, na utingo anaona kukikalisha sare ya skuli ni kukiuza kwa hasara. Punguzo la mwanafunzi ni jambo jema, lakini anayelilipa ni dereva mfukoni mwake, na mtu akiachiwa peke yake mzigo ambao ni wa jamii nzima atautafutia njia ya kuutua. Mtoto wa watu ndiye anayebaki kituoni jua linapanda. Jambo hili linaniuma kuliko yote uliyoyaandika.

Sasa hilo la mji kuwasahau. Tazama neno lenyewe, Ng'ambo. Maana yake upande wa pili, yaani upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, na Darajani ikaitwa Darajani kwa daraja lililokuwa likiuvuka. Mkono wa bahari ulifukiwa, daraja halipo, na Jang'ombe, Kikwajuni na Michenzani, ambako zamani ukiambiwa uko nje, leo ndiko unakokuita wewe mjini. Mji huu umekuwa ukihamisha ng'ambo yake mbele kila kizazi. Safari hii imefika kwenu.

Na imefika na watu wengi. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678. Ile ya 2022 iliukuta na 893,169. Nyongeza hiyo yote haikwenda Wilaya ya Mjini, ambayo idadi yake ilipungua kidogo, kutoka 223,033 hadi takriban 219,000. Imekwenda wilaya za Magharibi A na Magharibi B: Fuoni, Tomondo, Kijitoupele, Mtopepo, Kianga, Chuini, mpaka kule Dimani na Kombeni. Leo kwenye kila watu wanne wa mkoa huu, watatu wanaishi upande wenu. Kwa hiyo dada yangu, usiandike tena kana kwamba nyinyi ni wachache waliojitenga pembeni. Nyinyi ndio wengi.

Watu wamehama, lakini njia za gari zimebaki na sura ya zamani. Hata treni ya 1905, iliyotoka Ngome Kongwe kwenda Bububu, maili saba, ilikuwa mstari mmoja wa kutoka mjini kwenda nje. Barabara zilizofuata zilipita mtindo huo huo, mithili ya vidole vya mkono vinavyokutana kiganjani, na kiganja kilikuwa Darajani. Ulikuwa mpango wa maana wakati soko, bandari, hospitali na ofisi zote zilikuwa kiganjani. Siku hizi mtu wa Fuoni anasoma Chuo Kikuu cha Taifa Tunguu, mwingine ana kazi uwanja wa ndege Kisauni, mwingine ana mgonjwa Mnazi Mmoja. Gari zimekusanywa kidole kwa kidole, na wa Fuoni anayekwenda Bububu mara nyingi hulazimika kuingia kwanza kiganjani. Barabara ya Fuoni hadi Kombeni imefungua njia ya kukata vidole kwa ubavu, lakini lami si gari. Lami ikiwapo na gari ya uhakika ikakosekana, anayefaidi ni mwenye chombo chake.

Nawe stendi yako imehama. Darajani ulikuwa ukishuka mlangoni mwa Mji Mkongwe. Tangu gari zielekezwe Kijangwani, kipande cha mwisho umeongezewa wewe na miguu yako. Kuondoa msongamano Darajani kulikuwa na sababu, maana pale palikuwa hapapitiki, soko na gari na mikokoteni vimeshikana. Lakini anayehamisha stendi anawajibika pia kuhamisha mwisho wa safari ya abiria, kwa gari ndogo ya mzunguko au kwa njia ya miguu yenye kivuli na taa. Iwe njia ambayo mwanamke anayetoka kazini saa tatu na nusu usiku anaipita bila kuangalia nyuma.

Mabasi makubwa, basi. Nayaunga mkono, na ninaogopa yakija vibaya. Rudi kwenye mfano wetu wa abiria sitini kwa saa. Ukiwapakia kwenye basi la watu arubaini na ukaliacha lisubiri kujaa, litaondoka kila dakika arubaini. Umebadilisha robo saa ya kusubiri kwa dakika arubaini, na kiti kizuri zaidi cha kusubiria. Basi kubwa lina faida kubwa pale ambapo watu ni wengi mfululizo, kwa mfano kipande cha Mwanakwerekwe hadi mjini, ambako mafungu ya abiria wa Fuoni, Tunguu na Kijitoupele yanakutana. Kutoka Mwanakwerekwe kwenda ndani kwenu kunatakiwa gari ndogo, lakini zenye saa.

Dar es Salaam wamelijaribu hili. Mwendokasi, yaani mabasi yenye barabara yao maalumu, ulianza Mei 2016 kwenye kilomita 20.9, shina lake likiwa kutoka Kimara kwenda Kivukoni, na ukawekewa mabasi ya kulisha yanayowaleta watu wa Mbezi mpaka kwenye shina. Wazo ni zuri sana. Funzo lake nalo liko wazi: barabara maalumu inaondoa foleni ya magari, haiondoi foleni ya watu kituoni ikiwa mabasi hayatoshi. Na shina bila matawi linamsaidia zaidi aliye karibu na shina.

Kinachobadilisha mambo hasa ni namna dereva anavyolipwa. London mabasi yanaendeshwa na kampuni za binafsi, lakini kampuni hazipewi pesa kwa vichwa vya abiria. Mamlaka ya mji inaamua njia, saa ya kwanza na ya mwisho, na gari ngapi kwa saa. Kampuni inalipwa kwa kuziendesha safari hizo, na nauli inakwenda kwa mamlaka. Dereva wa saa nne usiku mwenye abiria watatu hana hasara yoyote, kwa hiyo hana sababu ya kukuteremsha njiani. Safari imenunuliwa tayari. Maneno haya matatu ndiyo ningependa uyachukue ukienda kwenye mkutano wowote: inunuliwe safari nzima. Kiti kimoja kimoja kitanunuliwa mchana na abiria wenyewe. Usiku, alfajiri na kwa wanafunzi, lazima mwenye mamlaka ainunue safari, kwa kuwa soko la viti peke yake halitainunua. Inagharimu, ndiyo. Lakini gharama ipo hata sasa, ila unailipa wewe peke yako kwa bodaboda.

Na usidhani hilo ni geni kwetu. Tazama gari za shamba. Dereva wa Makunduchi au Nungwi analala kijijini na gari yake, na alfajiri anaondoka saa inayojulikana na kijiji kizima. Mwenye samaki anaijua, mwenye mgonjwa anaijua. Hawakuandikiwa ratiba, wanayo ya mazoea, kwa kuwa dereva ni wao na asipotoka saa ile kesho atatazamwa msikitini. Fuoni mmekosa yote mawili. Hamna wingi wa abiria wa mtaa wa Amani wa kuijaza gari dakika tano, wala hamna yule dereva wa kijiji anayejulikana nyumba kwa nyumba. Hilo ndilo tatizo la mitaa mipya, si ubaya wa mtu.

Sasa nyumbani kwako. Vespa nitaizungumzia bila kukuhubiria. Itakufikisha mlangoni, itampeleka mtoto skuli, na kwa familia iliyo dakika ishirini kutoka lami ni jambo la akili. Hesabuni lakini vitu ambavyo muuzaji hatawaambia: matengenezo, masika ambapo njia yenu ya ndani inageuka dimbwi, na hatari. Mtu mmoja kwenye magurudumu mawili usiku barabara isiyo na taa hana kinga zaidi ya kofia yake. Mkinunua, nunueni kofia mbili ngumu siku hiyo hiyo, na mumeo akupokee Mwanakwerekwe badala ya kuja mpaka Shangani. Kipande hicho kifupi cha Mwanakwerekwe hadi nyumbani ndicho kinachokula pesa zako za bodaboda, na kumaliza safari hapo kutawapunguzia masaa ya barabarani.

Kurudi kupanga mjini sikupendekezei kwa haraka. Andika kwenye karatasi kwa mwezi mmoja kila senti ya usafiri, bodaboda imo, kisha uiweke karibu na kodi ya vyumba viwili Jang'ombe au Kwahani pamoja na ile kodi ya mwaka mzima ambayo wenye nyumba wengi huitaka mbele. Kama kodi ni kubwa kuliko usafiri, nyumba yako inakulinda. Kama zinakaribiana, basi ongeza masaa: masaa yako ya kulala na masaa ya watoto kukuona macho yakiwa wazi. Hayo siwezi kukupimia mimi.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuiuliza, nami ndiyo ningeianza. Zamu yako inaisha wakati mmoja na ya wenzako. Hesabuni mko wangapi mnaoelekea Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo na Kijitoupele, hoteli yako na za jirani. Mkifika kumi na wawili, tayari ni gari. Dereva mmoja wa Fuoni anayelala Fuoni, na ambaye hata hivyo anarudi nyumbani usiku, atafurahi kupata watu wa uhakika wa kulipa kwa mwezi, na saa ya kuondoka iwe ile ile kila siku: saa nne kasorobo, gari ijae isijae, anaondoka. Na mwendeeni mwajiri pamoja. Hoteli nyingi za pwani zinawachukua na kuwarudisha wafanyakazi wao. Ya mjini inayofunga jiko usiku haina sababu ya kuliona hilo kama fadhila. Mwajiri akichangia hata nusu, mmeshainunua safari yenu wenyewe.

Liko moja ambalo ni la haraka kuliko mabasi yote, nalo ni zile dakika zako ishirini. Sisi wapangaji wa miji huwa tunataka mtu asitembee zaidi ya mita mia nne au mia tano kufikia kituo, kama dakika tano au sita. Wewe unatembea mara tatu na zaidi, na hakuna gari itakayokuja kukuchukua ndani kwa kuwa hakuna pa kupita. Mashamba ya mihogo na minazi yalikatwa viwanja kimoja kimoja, kila muuzaji akaacha kichochoro cha kutosha pikipiki na mkokoteni. Kila kiwanja kinachouzwa hivi sasa bila njia kinaifungia gari yenu mlango kwa miaka hamsini. Leo kuacha njia ya mita nane ni makubaliano ya majirani na kigingi. Baada ya kuta kusimama, ni fidia na kesi.

Kwa hiyo usibaki kwenye barua kwangu. Nenda kwa sheha wako, umwombe mkutano wa shehia wenye ajenda mbili tu, njia ya ndani na gari ya usiku, na umwalike diwani. Ofisi ya Manispaa ya Magharibi B nendeni watu watano, mkiwa mmeandika kwa wiki mbili tarehe, saa na mahali gari ilipokatisha, kwa sababu malalamiko yenye tarehe yanasomwa. Kwa habari ya binti, mwalimu mkuu ashirikishwe, na skuli jirani pia, ili watoto wa saa moja asubuhi wahesabiwe na safari yao iombwe kama safari. Na jirani yeyote anayetaka kununua kiwanja zaidi ndani, mwambieni kabla hajalipa aende Kamisheni ya Ardhi akaangalie kama njia imo kwenye ramani, halafu aje kiwanjani mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku, siku ya kazi, asubiri gari.

Mkishapata siku ya mkutano, niandikieni wiki moja mbele. Nitakuja na ramani ya shehia na kamba ya kupimia, tuanze kutoka mlangoni kwako mpaka lami, tuone mita nane zinapita wapi.